Gemu ya Mashimo

Kijitu kilitumbukia shimoni kwa sababu Kahiga alikuwa amesinzia. Padi ya gemu ilikuwa bado mkononi, kidole gumba juu ya kitufe, na kwenye TV ya zamani yenye kisogo mamba wa kijani akafunga kinywa.

"Ruka," mama yake alisema kutoka kitini.

"Nimesikia, Mama," Kahiga akajibu, akaanza upya.

Alikuwa amechoka, na tusidanganyane, uchovu wenyewe haukuwa wa kazi ya mchana. Kuendesha boza la maji katika mitaa ya Kitengela tangu asubuhi kunachosha mgongo tu. Kilichomchosha roho ni kurudi jioni, kumwosha mama, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumwuliza, "Mama, mimi ni nani?" na kutazamwa kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima. Anayesema kuuguza si kazi hajauguza.

Tangu mama yake, Nyawira, apatwe na kiharusi, maneno yote yalimkimbia. Moja tu ndilo lililorudi, siku ile Kahiga alipoitoa gemu ya utotoni kwenye katoni, akampelekea fundi Ngui aiunge waya, akachomeka kaseti yake ya njano. Ilikuwa gemu ya kizamani kabisa, mtu wa vidoti vidoti anayekimbia msituni akitafuta dhahabu, magogo yakimjia na mashimo yakimsubiri. Zamani mama alikuwa akichungulia kutoka jikoni na kumpigia kelele aruke. Basi kijitu kilipofika shimo la kwanza, mama akasema, "Ruka." Kahiga alilia siku hiyo. Aliamini kuwa neno moja likishafungua njia mengine yatafuata, na siku moja jina lake litakuwa miongoni mwao.

Hayakufuata. Miezi ikapita, naye akawa anacheza kila jioni kwa macho mazito, kwa sababu akiacha kucheza huenda hata hilo moja likapotea.

Linda, mkewe, alivumilia. Enzi za uzima wake mama alikuwa akimwita Rinda, maana ulimi wake wa Kikuyu haukuwahi kupatana na herufi L, na Linda akawa anatania kwamba aliolewa akiwa mtu akageuzwa nguo. Siku hizi alitamani hata huko kuitwa nguo. Alimwambia Kahiga kwa upole kwamba mama anakumbuka gemu, lakini si wao.

Ushahidi ulikuwepo. Stima ilipopotea juzi TV ikazima, lakini mama akaendelea vilevile, "Ruka, ruka," hadi wakacheka wakasema gemu imemwingia kichwani. Wala macho yake hayakuwa kwenye TV. Yalimkazia Kahiga, naye akadhani analaumiwa kwa kucheza vibaya.

Maji yalipozidi unga, walikubaliana. Kule Matasia kuna nyumba ya kutunza wazee, ina wauguzi wa kushika zamu. Kahiga alikuwa ameweka sharti lake mwenyewe: mama akimtambua hata mara moja tu, haendi popote. Akampa hadi Jumapili, na Jumapili ikafika.

Aibu kubwa aliionea picha ya marehemu Hiram pale ukutani. Hiram alimwoa Nyawira akiwa tayari na mtoto wa kutambaa, na hakutaka hata siku moja mtoto huyo aitwe wa kuja na mama. Alimpa jina la babake mwenyewe, Kahiga, jinsi Mkikuyu anavyompa kifungua mimba wake, na maneno yakaishia hapo. Sasa kijana aliyepewa heshima hiyo alikuwa anampeleka mjane wa Hiram kwa wageni.

Alasiri, begi la mama likiwa mlangoni, akaingia Tata Rachel, dada mdogo wa mama, kutoka Kajiado mjini. Nyonga zilikuwa zimemfungia nyumbani tangu dada yake augue, lakini siku ya kumsindikiza alisema atakuja hata kwa kubebwa. Akamshika dada yake mkono, akaongea naye Kikuyu, asijibiwe. Linda akamletea chai.

Kahiga aliwasha gemu amwonyeshe lile neno kabla hawajaondoka. Aliona haya kidogo, mtu mzima mwenye ndevu na padi mkononi, lakini alitaka angalau mtu mwingine wa damu alisikie.

"Ruka," mama akasema.

Kahiga akaruka shimo.

"Ruka."

Akaruka gogo.

Tata Rachel aliweka kikombe chini. Alimtazama dada yake, akamtazama Kahiga, akangoja. Mama akalisema tena, taratibu, na Kahiga akabonyeza kitufe.

"Kahiga," Tata Rachel akasema, "mbona mama anakuita na hauitiki?"

Kahiga alimweleza, kwa subira ya mtu aliyechoka hoi, kwamba hapo hakuna anayeitwa. Ni hiki kijitu kinaambiwa kiruke. Yeye mwenyewe analisikia neno hilo kila siku iendayo kwa Mungu, na laiti mama angekuwa anamwita, lile begi lingekuwa chumbani.

Tata Rachel alikuwa anatikisa kichwa, machozi yakimtoka.

"Si kuruka," akasema. "Ni Ruka wa Biblia, yule wa baada ya Mariko. Ndio jina alikuwa anakuita kabla Hiram akuje."