Tundu la Duara

"Lete bunduki, dada," alisema Shamte, mkono umeshanyooka.

Mjini kwao ndivyo ilivyokuwa: anayekosa shabaha mara tatu siku ya mashindano humwachia ndugu yake bunduki ya marehemu baba, na haimrudii tena. Mwanahawa alikuwa amekosa mara mbili. Watu walishaanza kumzomea kwamba mikono inamtetemeka.

Hakuwasikia. Alikuwa ameikodolea macho karatasi ya shabaha iliyoletwa na mshika bendera. Tundu lilikuwa pembeni kabisa, tena halikuwa la duara. Lilikuwa refu, kama la ufunguo.

"Risasi imeingia kiubavu!" alipiga kelele. "Shamte, mikono yangu mizima! Hizi risasi mpya ulizoniletea ni ndefu mno. Mifereji iliyo ndani ya mtutu wa bunduki ya baba imejipinda kidogo tu, haizizungushi vya kutosha. Zikitoka zinayumba kama pia ya watoto iliyochoka kuzunguka!"

"Sasa unataka nini?"

"Zile fupi za baba. Ziko wapi?"

Shamte alisita. Kisha akatumbukiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa moja, akampa bila kumtazama usoni.

Mwanahawa aliipakia, akalala kifudifudi, akacheka peke yake, akafyatua.

Ng'ambo ya uwanja mshika bendera aliinama kuichungulia karatasi mpya. Katikati yake jua lilipenya kwenye kitundu kidogo cha duara. Na ule mkono wa Shamte, uliokuwa umeshanyooka tena kuipokea bunduki, haukujua pa kwenda.