Gari la Kwanza la Mjukuu

"Kiti kiko mbele mno," fundi alisema, akijifuta oili kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono yake. "Huyu mtoto ana miguu mirefu, mama. Magoti yatagonga usukani."

"Kisogeze mbele zaidi," Bibi akasema. "Mtoto anayeanza kuendesha akikaa mbali anajisahau, anadhani yuko sebuleni."

Fundi akainama kumchungulia binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa amelala chali chini ya pikapu, anakaza nati za shokamzoba. "Wewe unasemaje?"

"Bibi akishasema, mimi ni nani?" sauti ikatoka chini ya gari.

Kiti kikasogezwa.

Ilikuwa pikapu kuukuu, kuku walishaifanya nyumba kabla Bibi hajaitupia jicho. Sasa ilikuwa na springi za lori, matairi yenye meno kama ya mamba, na bomba la hewa lililopanda hadi juu ya paa ili injini isinywe maji. Kila mpita njia aliuliza ni ya nani, na kila mmoja alipata jibu lilelile.

"Gari la kwanza la mjukuu wangu. Una neno?"

Aliyekuwa na neno ni mwanawe, baba wa huyo binti. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu aliyezoea watu kusimama anapoingia. Alipoingia gereji hakusimama mtu.

"Mama, tulishakubaliana. Unahamia kwangu mjini. Chumba nimeshakipaka rangi."

"Dirisha lake linatazamana na ukuta. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mimi sauti bado ninayo."

"Kule kwako ng'ambo ya mto gari halifiki! Ukiugua, nani atakubeba mgongoni?"

"Kumbe kosa langu ni gari kutofika."

"Ndilo hilo."

"Na likifika?"

Mwalimu mkuu akaitazama pikapu, akacheka mpaka akavua miwani. "Likivuka mto Jumapili ijayo, likapanda kile kilima cha mawe, likafika mlangoni kwako bila kusukumwa wala kuvutwa, neno la kuhama hutalisikia tena kinywani mwangu. Lisipofika, Jumapili hiyohiyo tunafunga mizigo. Ila mwanangu haingii kwenye jeneza hilo la bati, nimekataa. Asiyesikia la mkuu..."

"Mkuu nani? Wewe niliyekupenga kamasi?"

Fundi akajificha nyuma ya boneti, mabega yakimtikisika.

Jumamosi binti alikwenda shule ya udereva kama kawaida, na Bibi akamsindikiza kama kawaida, na mkongojo wake na miwani mipya.

"Mimi nakaa kwenye benchi tu," aliwaambia majirani. "Hawa walimu wa udereva mikono yao haitulii. Nakwenda kumlinda mtoto."

Majirani wakamsifu. Wangapi siku hizi wana bibi wa namna hiyo?

Gerejini nako Bibi hakumpumzisha fundi. Mara aweke ngazi chini ya mlango wa dereva.

"Ngazi ya nini, mama? Huyu si anaruka ukuta?"

"Anavaa sketi. Unataka akipanda aonyeshe watu nini?"

Fundi akachomelea ngazi bila kuinua uso. Mara klachi ni ngumu, ilegezwe, mtoto mwenyewe mvivu. Na huyo mtoto mvivu, oili imemfika kwenye nyusi, akailegeza kwa mkono wake.

Jumapili ikafika. Mwalimu mkuu alivuka daraja la miguu na wapagazi wawili, akapanda kilima, akakuta mlango wa mama yake una kufuli. Hakuna mzigo uliofungwa, hata kikapu. Majirani walikuwa wamejipanga juu ya mawe kama watu waliokuja kutazama mpira.

Huko bondeni injini ikanguruma.

"Nilisema asiingie!" Mwalimu mkuu akateremka mbio, viatu vya ngozi vikiteleza, akaishia nusu ya kilima.

Pikapu ikaingia mtoni. Magurudumu yakapotea, taa zikapotea, likabaki paa na lile bomba linalopumua. Katikati ya mto ikakohoa. Ikanyamaza.

Wanawake wakashika vichwa. Mwalimu mkuu akasahau cheo chake chote.

"Mwanangu! Achana nalo, toka! Mama hahami, nimekubali, wote mmesikia! Toka tu!"

Injini ikaguna mara moja, ikawaka.

Ikachomoka majini na tope lake, ikashika mawe. Kioo cha mbele kilikuwa matope matupu isipokuwa kijisehemu kidogo ambacho waipa ilikuwa ikikihangaikia. Jiwe la kwanza ikalipanda, la pili ikainuka upande kama mbwa anayekojoa, watu wakapiga yowe, ikatua, ikaendelea. Honi haikunyamaza. Mwalimu mkuu akasimama katikati ya njia, mikono kaitanua, machozi yanamtoka hadharani.

"Simama, mwanangu! Simama hapohapo, baba yako yuko hapa!"

"Na mimi niko hapa, baba."

Akageuka. Binti alikuwa nyuma yake, viatu vikavu, spana mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mkongojo wa Bibi.

"Toka njiani upesi," akasema. "Somo la kusimama mlimani lilimshinda."