Chewa wa Mwamba Mwekundu

Tangu Bwana Rorke afukie kaburi la baba yake Sefina ili ajenge bwawa la kuogelea la hoteli yake, Sefina hakuwahi kumtazama usoni. Lakini asubuhi ile, Rorke alipokuja kukodi boti ya Sefina akavue kujifurahisha, nahodha huyo alimchekea mpaka magego yakaonekana.

Akampeleka moja kwa moja kwenye mwamba mwekundu. Kila mzaliwa wa kisiwa kile cha Pasifiki alijua kwamba samaki wa pale hawaliwi. Sumu yao haitoki hata uwachemshe kutwa nzima. Rorke hakujua. Fimbo yake ya kuvulia ilipinda, akahangaika nayo, mwishowe akapandisha chewa mnene kama mtoto wa nguruwe.

"Huyu analiwa?"

"Mtamu huyo, Bwana. Apikwe kwa nazi."

Waliporudi gatini, Rorke aliondoka na samaki wake. Sefina alibaki kusugua boti huku akiimba, taratibu, kama mtu anayesubiri habari njema. Jua lilikuwa limepanda Rorke aliporejea mikono mitupu, uso umemwiva kwa furaha.

"Nahodha, miaka yote hii sijaheshimu mila zenu. Leo nimeanza. Samaki wa kwanza wa mgeni si hupelekwa kwa mzazi wa nahodha? Nimempelekea mama yako."

Brashi ilimtoka Sefina mkononi. "Hakukuuliza ametoka wapi?"

"Aliuliza kama ni wewe uliyenipeleka kuvua. Nilipomwambia ndiyo, akambandika jikoni palepale."

Sefina aliinua macho kilimani. Moshi wa jikoni kwa mama yake ulikuwa umeshakatika; chungu kilikuwa kimeshaepuliwa.