Moto wa Papa

Pwani nzima, jiko la nyumba huwaka pale tu samaki wa nyumba hiyo anapokula huko kwenye matumbawe. Samaki akifa, jiko nalo limekufa. Wa Mwanapili alikuwa papa mzee, na watoto walikuwa wamelala njaa.

"Kula basi, mzee wangu, nimechoka," alinong'ona mbele ya jiko baridi.

Mara moto ukalipuka, mkali kuliko siku zote. Akateleka maji ya wali.

Hayajachemka, jirani yake Saumu akaingia na sufuria ya maharage mabichi. Samaki wa Saumu alikuwa chewa mnene, asiyekosa mlo.

"Shoga, jiko langu limezimika ghafla! Huyo wako leo kala nini, ng'ombe?"

"Sijui, shoga," alisema Mwanapili bila kumtazama, akaongeza mchele wa kutosha nyumba mbili.