Asali Kwenye Kidole Gumba

Nilimpaka Mzee Raymundi asali kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, ule uliopoozwa na kiharusi. Mkono wa kushoto, ulio mzima, nilikuwa nimeuvalisha soksi na kuufunga bandeji, usije ukadandia kazi ya mwenzake.

"Mzee, leo hulishwi. Lamba mwenyewe."

Mkewe, aliyekuwa akimnywesha uji kwa kijiko tangu alazwe hapa hospitali ya Kitete, akasimama na ncha ya kanga mkononi, tayari kufuta. Mtu aliyerina asali misitu yote ya Sikonge, leo apakwe kama mtoto mchanga?

"Dokta, unamdhalilisha mume wangu."

"Ukiifuta, mama, utamlisha maisha yake yote. Nami sitaki."

Mkono ukanyanyuka. Ulipofika usawa wa kifua ukatetemeka, asali ikachuruzika mpaka kiganjani, nzi akatua. Mzee alimtazama yule nzi kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona machoni pake. Mkono ukapanda tena, ukakwama chini ya kidevu.

Hapo akafanya wanachofanya wagonjwa wangu wote: akaanza kuinamisha shingo ili mdomo ukifuate kidole.

Kabla sijamkataza, mkewe alikuwa ameshaitupa kanga begani.

"Usiiname!" alisema. "Tangu lini mzinga ukamshukia mrina asali? Panda, mzee."

Shingo ikanyooka.