Metodi Lazima Azame

Bibi Stoyanka alijilaza chali katikati ya gati, mbele ya kamera, akasema haondoki mpaka mumewe azame.

"Mama, watazamaji wamechoka na vifo," alisema Yavor, mwongozaji wa filamu. "Tumwache aogelee, atoke na nguruwe wake, kijiji kicheze ngoma. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba si kweli. Na wewe umeandika kwenye bango lako 'kisa cha kweli'."

Kisa chenyewe nani asiyekijua? Mwaka 1979 Metodi alijitosa mtoni Danubi kumwokoa nguruwe dume wa ushirika. Nguruwe alitoka, Metodi hakutoka. Serikali ya wakati ule ikakipa kijiji sanamu na barabara ya lami. Kila mwaka Stoyanka hubandika langoni tangazo la kifo lenye picha ya marehemu, kama wafanyavyo wajane wote wa kwetu. Leo anakuja mtu kutoka mji mkuu, Sofia, bila haya, kumfufua kwa kalamu.

Kijiji kizima kilisimama na mjane. Padri aliapa kwamba alisoma ibada ya wafu kwa mdomo wake. Meya alileta cheti cha kifo chenye mihuri minne.

"Huyo akiishi," alisema meya, "sanamu tutaiambia nini?"

Lakini aliyewaka kuliko wote alikuwa mzee mmoja mwenye upara, jirani yake Stoyanka, aliyekuwa akiwapikia waigizaji supu ya maharage.

"Mimi nilikuwepo," alisema, mwiko mkononi. "Alizama mara tatu. Halafu huyu mwigizaji wenu ana kitambi. Metodi alikuwa mtanashati, wasichana wakimwona wanamwaga maziwa."

"Usitie chumvi, jirani," alisema Stoyanka palepale alipolala. "Alikuwa wa kawaida tu."

Mzee alinuna, akarudi kwenye sufuria yake.

Kufikia alasiri Yavor alisalimu amri. Mwigizaji akazama, mara tatu, kama ushahidi ulivyotaka. Mpishi wa supu alilia kuliko mjane, hata ikabidi wamkalishe juu ya ndoo.

Gari la mwisho la filamu lilipopotea kwenye kona, Stoyanka alijikung'uta vumbi, akamwendea pale kwenye ndoo.

"Basi, Metodi, nyamaza," akamwambia. "Umekufa vizuri."