Kiapo kwenye Dirisha la Nne

Bibi alimpisha mtu wa saba.

"Pita, mwanangu," alimwambia kijana aliyekuwa nyuma yake. Kijana akapita haraka, asije bibi akaghairi.

Binti, mjukuu wake, alishusha pumzi. Walikuwa kwenye ofisi ya mikopo ya wanafunzi tangu saa moja asubuhi, na sasa ilikuwa saa tisa na robo. Foleni moja, madirisha manne, na yote yanafungwa saa kumi. Leo ndiyo siku ya mwisho. Fomu isipopokelewa leo hakuna ada, na bila ada nafasi yake ya kusomea upimaji wa ardhi anapewa mwingine, basi.

"Bibi, dirisha la pili liko wazi. Yule dada anatuita."

"Nimemwona."

"Sasa?"

"Nataka la nne."

Kwenye dirisha la nne alikaa karani wa makamo, shati limenyooshwa, nywele zimeanza mvi kwa mbele. Foleni nzima ilikuwa inamwogopa. Asubuhi alimrudisha baba mmoja mbele ya watu wote.

"Kiapo kinakubaliwa afisa akiridhika," alimwambia. "Na mimi siridhiki ovyo. Kalete cheti cha kifo."

Nao cheti walikuwa nacho kimoja tu, cha mama wa binti. Kwa upande wa baba, bahasha ilikuwa na karatasi ya kiapo peke yake. Bibi ndiye aliyeapa, yeye mama mzazi wa marehemu.

"Bibi, hapa tunapanga foleni au unagawa sadaka?" aliuliza msichana mmoja nyuma yao. Watu wakacheka.

"Nagawa, mwanangu. Pita na wewe."

Kwa bibi kila mtu alikuwa mwanangu: mlinzi wa getini, mfagiaji, hata yule jamaa aliyemkanyaga mguu saa nne akajifanya hajaona. Alikuwa amefua mashuka ya zahanati miaka mingi, na hata wagonjwa waliomzidi umri aliwaita hivyo hivyo.

Saa tisa na nusu dirisha la nne likabaki tupu. Bibi akasogea.

"Shikamoo," alisema karani, macho yakiwa bado kwenye karatasi. Kisha akainua kichwa. Alikawia kidogo kunyoosha mkono kupokea bahasha.

"Marahaba, bwana afisa."

Mjukuu alimgeukia. Siku nzima bibi amegawa mwanangu bure, na hapa ambapo ingewafaa, ameificha.

Karani alitoa cheti cha mama wa binti. Alikisoma kwa muda mrefu, na maneno yenyewe hayakuwa mengi.

"Amefariki mwaka juzi?"

"Ndiyo," alisema binti.

"Na baba?"

"Amekufa," alisema bibi.

"Aliugua?"

"Hapana. Alikuwa mzima kabisa."

Karani alimtazama binti. "Unamkumbuka?"

"Hapana. Nilikuwa na miezi minane. Hata picha yake hatuna."

"Hakuna ndugu yeyote mwenye mshahara anayeweza kukulipia?"

Binti alifungua mdomo, bibi akamtangulia.

"Alikuwepo mmoja. Mama yake huyu alipougua tulimwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja."

Binti hakuwahi kusikia habari za ndugu huyo. Lakini dirishani si mahali pa kuulizana mambo ya nyumbani.

Karani akavuta fomu, akaanza kujaza sehemu ya mzazi aliyefariki. Kalamu ilikwenda bila kusimama.

"Mwaka wake wa kuzaliwa ni..." binti alianza.

"Tayari," alisema karani.

Alichukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino, akabaki ameushika.

"Mama," alisema, sasa kwa sauti ya chini, "nikishagonga haufutiki. Huyu mtu atakuwa marehemu kwenye kila karatasi ya huyu binti, mpaka mwisho. Labda iko njia nyingine. Labda mtu anaweza kujitolea, kidogo kidogo..."

"Saa kumi bado dakika ngapi?" aliuliza bibi.

Karani alitazama ukutani. "Kumi na tano."

"Gonga, bwana afisa."

Alisema bila hasira, kama anayemwambia dereva amshushe pale mbele.

Muhuri uligonga mara moja. Pembeni yake karani akaandika: yatima, mkopo kamili. Akatia saini, akachana kipande cha stakabadhi, akampa binti. Binti alikishika, lakini karani naye alikuwa hajakiachia. Ikabidi akivute.

"Asante sana, afisa. Kumbe huko kwenye foleni wanakusema bure."

"Kasome," alisema karani.

Bibi alikuwa ameshageuka. Hakuaga. Binti alimshika mkono wakapita katikati ya watu, na mara hii watu ndio waliompisha bibi.

Karani alifunga faili, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha pembe kwa pembe. Alipoinua kichwa kumwita anayefuata, mama yake na binti yake walikuwa wameshafika getini.